Mshika Saa wa Mbio za Jumamosi

Mtaa mzima ulikubaliana juu ya jambo moja tu: saa ya fundi saa haisemi uongo. Mengine yote, kuanzia nani aliyeziba mtaro hadi jogoo wa nani anayewika kabla ya wakati wake, yaligombaniwa kila siku. Lakini saa ya fundi ilikuwa saa. Ndiyo maana mwalimu wa michezo, ambaye watoto walimwita Mwalimu Filimbi kwa vile hata msibani shingo yake haikukosa kamba ya filimbi, alipoanzisha mbio za watoto kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule hakuhangaika kutafuta mshika saa mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi, akamkuta kainama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akamwambia kwamba kazi ni ya bure na jua ni kali. Fundi alikubali kabla hajainua kichwa.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Jumamosi za nyumba ile zilikuwa zimeshapata mwendo wake. Mke wa fundi, mwoka mikate, alirudi kutoka tanurini saa mbili asubuhi akiwa na unga kwenye nyusi, akatua mkate wa moto mezani na kuuliza swali lilelile: viatu viko wapi? Viatu hivyo vilikuwa vya binti yao wa pekee, wa miaka kumi na mmoja, na havikuwahi kuonekana vyote viwili mahali pamoja. Kimoja kilikutwa uvunguni mwa kitanda, kingine juu ya kabati, na hakuna aliyeweza kueleza kilipandaje. Chai ilinywewa kwa kusimama. Kisha wote watatu wakashuka kwenda uwanjani, mama akisinzia huku anatembea, baba akiipulizia saa yake vumbi, na binti mbele yao akirudi nyuma kila mara kuwahimiza, hata kabla ya mbio kuanza akawa ameshakimbia mara mbili. Walimwita Cheche, maana tangu utotoni ukimtazama hapa unamkuta kule.

Sasa, kushika saa kuna adabu yake. Mwalimu Filimbi husimama mwanzo wa mbio, akashusha kibendera chekundu na kupuliza filimbi kwa pamoja. Mshika saa yuko mwisho, mita mia kutoka pale. Asiyejua hungoja filimbi. Fundi hakuwahi kuingoja. Alijua kwamba sauti ni mgeni anayekuja kwa miguu. Mpaka ibishe hodi masikioni, watoto wameshaondoka, na saa iliyowashwa kwa sauti humpunguzia mkimbiaji muda ambao kweli aliutumia. Kibendera, kwa upande wake, ukikiona umekiona. “Macho kwa kibendera, kidole kwa saa, mengine mwachie Mungu,” alipenda kusema, na watoto walimwigiza kwa kufumba jicho moja.

Jumamosi tunayoisimulia ilikuwa ya mchujo. Wasichana watatu tu wangechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya shule zote mwezi uliofuata. Walikimbia katika makundi mawili. Mshindi wa kila kundi alipita moja kwa moja. Nafasi ya tatu ilikuwa ya yule mshindi wa pili mwenye muda mzuri kuliko mwenzake. Kwa Cheche huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa umri wa kushiriki. Mwaka juzi homa ilimlaza siku ya mchujo wenyewe. Mwaka jana alijikwaa zikiwa zimebaki hatua kumi, akamaliza kwa magoti. Wiki nzima hakula vizuri, na baba yake, ambaye mikono yake ilizoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, alikuwa akijikuta ametia sukari nje ya kikombe.

Katika kundi la kwanza, Ngongoti alishika nafasi ya pili. Huyu alikuwa jirani yao na rafiki wa Cheche wa kufa na kuzikana, na jina alipewa kwa ajili ya miguu yake mirefu. Fundi akasoma saa: sekunde kumi na tano, pointi nane. Katika kundi la pili Cheche naye akawa wa pili. Fundi akasoma saa, akaisoma tena, ndipo akamwonyesha mwalimu. Sekunde kumi na tano, pointi sita.

Mama alizinduka usingizini akapiga kigelegele peke yake uwanja mzima. Ngongoti alimkumbatia Cheche, akamwambia kuwa bahati yake ana kichwa kidogo, upepo haukumwona. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana ndipo kitu kilipoharibika. Cheche alikuwa akisimulia mbio zake kwa mara ya nne, mdomo umejaa, akivipanga vijiko mezani kuwa wakimbiaji. Alieleza jinsi kamba ya kiatu ilivyofunguka akiwa ameshajipanga, na jinsi alivyoinama haraka kuichomeka.

“Na wewe Baba ulikuwa unaninyooshea mkono kule mwisho, hivi, hivi, funga kamba, funga kamba,” alisema akicheka. “Nikajua leo Baba ananitazama mimi. Hata hicho kibendera chake hana habari nacho.”

Mama akacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu kijiko kilikuwa tayari njiani kwenda mdomoni na hakujua afanye nini na uso. Lakini kile kijiko kilirudi sahanini na wali wake.

Alikumbuka. Kibendera kilikuwa upande wa kushoto, Cheche alikuwa njia ya mwisho kulia. Macho yake yalikuwa kwa mtoto aliyeinama, roho iko mkononi: atawahi kuinuka, hatawahi? Kibendera hakukiona kikishuka. Alichokumbuka ni filimbi masikioni, halafu kidole.

Usiku ule alijiambia kwamba haiwezekani tofauti iwe kubwa. Asubuhi ya Jumapili, mtu wa vipimo ndani yake akamshinda baba wa mtoto. Alimwamsha mkewe katika siku yake pekee ya kulala, akampa sufuria na mfuniko, akapima mita mia za barabara ya mtaa kwa kamba, akamsimamisha mwisho kule. Alitaka aupige mfuniko juu ya sufuria kwa nguvu, ainue mkono sana ili pigo lionekane. Yeye angewasha saa akiliona pigo na kuisimamisha akilisikia.

Mwanamke masikini alipiga. Majirani wakachungulia. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akauliza kama kuna nyuki waliotoroka; mwingine akajibu kwamba hapana, Mama Cheche anaitisha wateja wa mikate ya kesho. Mkewe alipiga mara kumi na mbili akiwa amejifunga khanga ya kulalia, na kila pigo lilivyozidi ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa mabaya. Fundi aliandika kila kipimo kwenye kiganja cha mkono. Pointi tatu. Pointi tatu. Pointi mbili. Pointi tatu. Pointi tatu.

Alikuwa amempunguzia mwanawe pointi tatu za muda. Na mwanawe alikuwa ameshinda kwa pointi mbili.

“Umenitoa kitandani, umenipigisha sufuria barabarani kama mwendawazimu,” mkewe alisema walipofika jikoni. “Sasa niambie umepata nini.”

Akamwambia. Mkewe alikaa juu ya gunia la mkaa bila kuangalia kama khanga itachafuka. Kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya chini: kwamba hakuna aliyeuliza, kwamba mtoto amengoja miaka mitatu, kwamba pointi moja ni nini, hata kope haijagusa kope. Akamaliza kwa kusema kwamba saa za watu anazitengeneza kwa ada, ya mwanawe ndiyo anataka kuivunja bure. Maneno hayo yote fundi alikuwa ameshajiambia mwenyewe.

Wakati huohuo mlango ukabishwa, na Ngongoti akaingia na kitana mkononi. Mama yake alikuwa mfagizi wa hospitali na Jumapili zake zilikuwa za zamu, kwa hiyo mtoto alishinda hapo, akala hapo, akasukwa hapo. Aliamkia, akakunja miguu yake mirefu kwenye mkeka, akaweka kichwa chake mapajani mwa Mama Cheche kama kawaida. Cheche alikaa karibu, akishika mafuta. Wawili hao walikuwa wakipanga safari ya mashindano. Ngongoti alisema yeye atakwenda kuwa mbeba maji, na kama hawatamruhusu, atajifanya nguzo ya goli. Kwa urefu wake nani atajua. Mama Cheche alicheka kidogo, kisha vidole vyake vikasimama katikati ya msuko. Alimtazama mumewe juu ya kile kichwa.

Jioni, watoto wakiwa nje, alimwendea mumewe akiwa anakung'uta mkeka. “Sema,” alimwambia. “Mimi nimeshindwa kumsuka Ngongoti, mikono imekataa. Lakini ukisema, anza na binti yako mwenyewe. Mwambie yeye kabla ya mwalimu. Unanisikia, Baba Cheche? Yeye kwanza.”

Alimsikia. Alidhamiria kumwambia Jumatatu.

Jumatatu Cheche alirudi shuleni akisema wenzake wamemwimbia. Fundi akaona si siku nzuri. Jumanne mtoto alikuwa na mtihani wa hesabu. Jumatano alimkuta amekaa mlangoni akisugua viatu vyake kwa mswaki wa zamani, vyote viwili, vimepangwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu vinunuliwe, naye akampita akaingia ndani kutafuta chai. Kibandani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Aliirudishia saa ya mama mmoja mishale kinyume, wa dakika mahali pa saa. Aliangusha skrubu, akaitafuta kwa magoti nusu siku, akaikuta imenasa kwenye ndevu zake. Kila saa ukutani ilikuwa ikigonga, na yeye aliyezoea kutozisikia sasa alizisikia zote.

Alhamisi alijaribu. Alimwita, akasema, “Mwanangu, zile mbio zako,” na mtoto akamgeukia na uso uliowaka kama taa iliyotiwa mafuta, akiwa tayari kuzisimulia kwa mara ya hamsini. Badala yake fundi akamuuliza kama kamba mpya za viatu zinamtosha. Ijumaa mkewe hakumuuliza kitu. Alimtazama tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa.

Hivyo Jumamosi ikamkuta uwanjani bila kusema. Mwalimu Filimbi alikuwa amekalia dawati lililotolewa nje, ameandika majina ya wasichana watatu kwenye karatasi, na ilikuwa lazima ipelekwe kabla ya saa sita mchana. Fundi aliona kalamu ikishuka kutia sahihi. Miguu yake ikampeleka pale kabla akili haijaafiki.

Alieleza yote, kibendera, kamba ya kiatu, sufuria. Alionyesha na kiganja, ingawa wino ulikuwa umeshaoshwa. Mwalimu alimsikiliza akiuma filimbi.

“Fundi,” alisema hatimaye, “wewe ndiye saa yetu. Ukisimama hapa ukasema umekosea, kila mzazi ataniuliza habari za Jumamosi zote za nyuma. Umelifikiria hilo?”

Fundi alisema amelifikiria. Halikuwa ndilo lililomnyima usingizi.

Mwalimu aliichomeka kalamu ndani ya mfuko wa shati. Akasema basi hakuna haja ya saa tena. Wasichana wawili wakisimama bega kwa bega, macho ya watu yanatosha. Akapuliza filimbi na kuwaita kwa majina, Cheche na Ngongoti, mbele ya uwanja mzima, akatangaza kwamba kulikuwa na kosa katika kupima na watarudia wao wawili.

Fundi alimwona mwanawe akisikia. Cheche alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Alimtazama mwalimu, kisha akatafuta uso wa baba yake, na akaukuta hauna mshangao. Akaelewa kwamba baba alijua. Akautia mkate mkononi mwa mama yake taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Ngongoti alikataa. Alisema yeye ameshakubali kuwa mbeba maji, wasimsumbue. Mwalimu alimbembeleza, Mama Cheche naye alimbembeleza, lakini aliyemwondoa pale alikuwa Cheche. Alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye mstari wa chokaa. Wenye masikio karibu walimsikia akimwambia: “Ukinionea huruma, sitakusemesha mpaka tuwe vikongwe.”

Fundi alisimama mwisho wa mbio mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Aliitia mifukoni, akaitoa, akaikunja kifuani, na moyo wake ulikuwa ukigonga bila mpangilio wowote ambao fundi angeweza kuurekebisha. Hakujua hata aombe nini. Akiomba Cheche ashinde, alikuwa akimwombea dhidi ya mtoto aliyekula kwake kila Jumapili. Akiomba ashindwe, ni baba gani huyo? Kibendera kikashuka, na mara hii alikiona vizuri sana.

Walikwenda sawa mpaka nusu. Cheche alikimbia kama hakuwahi kukimbia, meno yameuma mdomo, na kwa hatua chache alikuwa mbele, fundi aliliona hilo na hatalisahau. Kisha ile miguu mirefu ikaanza kula ardhi. Ngongoti alipita mstarini akiwa mbele kwa kifua kimoja tu, na hakuna mtu uwanjani aliyehitaji kuambiwa.

Cheche alipita mstari, akapita baba yake, akaendelea kutembea mpaka kwenye ukuta wa shule, akauegemea kwa paji la uso. Fundi alimfuata. Alifika akasimama nyuma yake, akaanza kusema alichokuwa ametaka kusema tangu Jumatatu, kwa fujo, la mwisho likatangulia la kwanza.

“Ulijua lini?” Cheche alimkatiza, bila kugeuka.

“Jumapili.”

“Jumapili.” Alihesabu kwa vidole ukutani. “Siku sita, Baba. Nimeimbiwa darasani. Nimesugua viatu, ukaniona.”

“Nilikuona.”

“Ungeniambia mimi kwanza. Mimi mwenyewe ningekwenda kwa Mwalimu.” Sauti ikampasuka hapo. “Sasa watu wanafikiri nilitaka kumwibia rafiki yangu.”

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mama alifika, akamchukua mtoto kwapani pake penye unga, wakatangulia nyumbani. Fundi alibaki akishika saa kwa mbio zilizosalia za wadogo. Hakuna mzazi aliyemsema mbele yake, ila alipomwonyesha mmoja muda wa mwanawe, yule baba alisita kidogo kabla ya kutikisa kichwa kukubali. Hilo fundi alilipokea. Lilikuwa lake.

Jumamosi yote ile Cheche hakumsemesha. Alipotaka chumvi alimwambia mama yake amwambie Baba asogeze chumvi. Ngongoti alikuja jioni, akasimama mlangoni hajui kama aingie, na Cheche akatoka wakakaa nje kwenye ngazi. Fundi, aliyekuwa ndani akijifanya anafuta vumbi kwenye redio, aliwasikia wakirusha kokoto barabarani. Kisha Cheche akauliza kama kule kwenye mashindano mbeba maji hupewa fulana. Ngongoti alisema hajui, lakini kama hupewa, ya Cheche itakuwa gauni. Kicheko kilichofuata kilikuwa kidogo na kina mafua, lakini kilikuwa kicheko. Fundi aliendelea kufuta redio mpaka akafungua stesheni bila kukusudia.

Jumapili ilikuwa ya kufua. Mama alikuwa amelala, mlango umefungwa, mtu asithubutu. Fundi alikaa uani na beseni mbili, povu mpaka viwikoni. Cheche alitoka, akavuta ndoo, akaigeuza akaikalia, mgongo kwa baba yake. Akaanza kusuuza. Nguo zilipita kutoka beseni moja kwenda jingine.

“Ungenyamaza,” alisema mwishowe, akiiambia ndoo, “nani angejua?”

“Mimi.”

“Na mimi nisingejua.”

“Wewe usingejua.”

Alisuuza soksi ileile muda mrefu kuliko soksi inavyostahili. “Ningekimbia kule nikiwa najiona mimi ndiye,” alisema. “Na Ngongoti ananishikia maji.” Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeonja kitu akakikuta kimechacha. Kisha akakumbuka hasira yake, akanyoosha mgongo. “Lakini bado nimekukasirikia. Siyo kwa mbio. Kwa zile siku sita.”

“Una haki, mama.”

“Nitakukasirikia mpaka Jumatano.”

Fundi alifikiri. Alijizuia, lakini kazi ya mtu ndiyo ulimi wake. “Jumatano saa ngapi?”

Mabega ya Cheche yalitikisika mara moja. Hakugeuka. Alisema ni jioni, baada ya shule, na asiulize zaidi asije akaongezewa siku.

Fundi akasema sawa. Alijua Jumatano haikuwa mbali, lakini alijua pia kwamba zipo siku tatu hapo katikati, na atazikaa zote, asubuhi mpaka jioni, bila kujipunguzia hata moja. Akainua shuka kubwa la kitanda kutoka kwenye povu. Lilikuwa zito, linatiririka, na lilikuwa moja ya vile vitu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvikamua. Alilishika ncha moja, akabaki nalo hivyo, maji yakimshukia miguuni. Hakumwita.

Cheche aligeuka, akamtazama, akatazama shuka. Akainuka kwenye ndoo yake bila haraka, uso bado umekunjwa, akashika ncha ya pili. Wakarudi nyuma kila mtu upande wake mpaka shuka likanyooka kati yao. Kisha yeye akazungusha kulia, baba akazungusha kushoto, na maji yakaanza kutoka.